Kumbukumbu ya mradi wa kurekodi virutubisho, wiki ya 6: namba zimeanza kuaminika

Wiki ya 6 sasa narekodi kila ninachokula, na hii ndo wiki ya kwanza naangalia jumla ya siku nasema sawa, hii inafanana na ukweli. Wiki zile 3 za mwanzo nimezifuta zote. Sababu ni wali.

Nilikuwa napima wali ulioiva halafu kwenye apu nachagua mchele mkavu, jina linafanana sikushtuka. Gramu 100 za mchele mkavu zina kalori kama 365, ukishaiva umekunywa maji zinabaki kama 130 kwa uzito uleule. Sahani yangu ya gramu 250 ilikuwa inaandikwa 900 na kitu wakati ilitakiwa 325 hivi. Yaani karibu 600 za bure, kila siku, na mi najibana kwenye mlo wa jioni nikidhani nimezidisha!

Kwa hiyo sasa napima sufuria nzima. Kwanza sufuria tupu, uzito nimeuandika chini yake kwa maka peni. Kila kinachoingia nakipima kikiwa kibichi, nakiingiza kwenye apu kama mapishi, kikiiva napima tena natoa uzito wa sufuria. Maharage ya juzi yalitoka gramu 1,800, nikapakua 300, basi nimekula sehemu moja ya sita ya kila kilichoingia mle ndani. Maji yapungue yaongezeke haijalishi, maji hayana kalori.

Mafuta nayo. Nilikuwa naandika kijiko kimoja, yaani gramu 14, kalori 120 hivi. Safari hii nikaweka chupa kwenye mizani, nikarudisha sifuri, nikamimina kama kawaida yangu nikairudisha chupa: gramu 38 zimetoka. Hiyo ni zaidi ya kalori 330 kwenye sufuria moja na sikuwahi kuziona popote.

Zana ni zilezile, apu ya Cronometer kwenye simu kwa kurekodia na FoodData Central, hifadhidata ya vyakula ya wizara ya kilimo ya Marekani, kwa kuhakikishia, ni bure na kutafuta hakuhitaji akaunti. Vya pakiti naangalia Open Food Facts, mradi wa hifadhidata ya vyakula ulioanzia Ufaransa 2012, ila data zinaingizwa na watu wa kawaida kama mimi na wewe so lazima nilinganishe na lebo niliyoshika. Nina kipimo cha haraka: gramu za protini mara 4, za wanga mara 4, za mafuta mara 9, jumlisha, jibu likaribiane na kalori zilizoandikwa. Kuna kimoja kiliandikwa kalori 90 na mafuta gramu 15, wakati mafuta peke yake hapo ni 135, nikakiacha.

Kitu ambacho natamani ningeambiwa siku ya kwanza, nafasi tupu sio sifuri. Nilihangaika wiki nzima eti sipati magnesiamu kumbe nachagua vyakula vilivyojazwa kalori, protini, wanga na mafuta tu, virutubisho vingine hakuna aliyevijaza na apu inajumlisha kama havipo. Siku hizi nachagua kile chenye orodha ndefu ya virutubisho hata kama jina halijakaa vizuri, na ile "upungufu" ikapotea bila kubadilisha chakula chochote.

Upungufu wa kweli uliobaki ni nyuzinyuzi. Shirika la Afya Duniani wanasema angalau gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima, mi nilikuwa 14. Nimeongeza maharage mara nne kwa wiki, gramu 100 yakiwa yameiva zinatoa zaidi ya 6, na wastani wa wiki hii umefika 22.

Chumvi bado sijaigusa kabisa, maana lebo nyingine zinaandika chumvi na nyingine sodiamu (sodiamu unazidisha kwa 2.5 kupata chumvi). Wiki ya 7 naweka kopo la chumvi kwenye mizani kama nilivyofanya chupa ya mafuta.