Mitungi ya pweza ya Santa Luzia, na kwa nini siileti Jambiani

Mpwa wangu ameziona picha za mitungi ya kutegea pweza nilizomtumia WhatsApp, tangu hapo hanipi nafasi: "Mjomba, tuletee kontena moja tu la hiyo mitungi, tutatajirika." Namjibu hapa, maana si yeye peke yake anayeuliza.

Santa Luzia ni kijiji cha wavuvi karibu na Tavira, kusini mwa Ureno, na chenyewe hujiita makao makuu ya pweza. Mitungi utaikuta imerundikwa kando ya maji. Zamani ilikuwa ya udongo, siku hizi mingi ni ya plastiki, imetiwa saruji ili izame. Kila mmoja una kikamba chake, vyote vimefungwa kwenye kamba moja ndefu yenye boya, safu nzima inashushwa chini na kuachwa.

Chambo hakuna! Mtungi mtupu kabisa. Pweza hana mfupa wala gamba, kila kinachoogelea kinamtamani, basi akiona tundu linalomtosha anaingia mwenyewe. Na hata kamba ikivutwa hakimbii, anazidi kung'ang'ania ndani, mpaka wengine humtia maji ya chumvi kali ndipo atoke. Kuna pia vizimba vya waya vyenye chambo, lakini hivyo kwangu ni dema tu, mtego wetu wa samaki, havinishangazi.

Sasa sikiliza, mpwa. Mtungi unashika pale penye mchanga na matope, ambako pweza anahangaika kutafuta nyumba. Mwamba wa Jambiani, kwetu Zanzibar, umejaa matundu ya bure. Nani atapanga chumba cha plastiki wakati jumba la mawe liko wazi? Marehemu bibi alitembea juu ya mwamba maji yakipwa, mkonjo (kijiti chenye ncha cha kuchomea pweza) mkononi, akiangalia maganda ya kaa yaliyotupwa mlangoni na vijiwe vilivyosogezwa. Hapo anachokoa. Ukishusha safu ya mitungi pale, kamba zitakwaruza matumbawe na utavuna hasara.

Halafu kuna jambo la mayai. Pweza jike akitaga hujifungia ndani, anayapepea maji mayai yake, hali kitu mpaka yaanguliwe, kisha anakufa. Nyumba aliyoichagua ikiwa ni mtungi, unamvuta mama pamoja na kizazi chote.

Ila nikiri haki ya mtungi: pweza anatoka mzima. Ureno hairuhusu kuvua aliye chini ya gramu 750, kwa hiyo mdogo anarudishwa baharini akiwa hai. Jirani zetu wa Tanzania Bara, sheria yao inasema gramu 500, lakini aliyekwisha kuchomwa mkonjo unamrudisha wapi? Mizani inakuja baada ya kifo.

Ndiyo maana mimi naona dawa yetu ni kufunga mwamba, yaani kuzuia uvuvi wa pweza hapo kwa muda. Andavadoaka kule Madagaska walianza mwaka 2004, na Kisiwa Panza, Pemba, nao wamefunga. Pweza hukua haraka mno, miezi michache tu inatosha kumgeuza mdogo kuwa wa kilo kadhaa. Mnachagua kipande, si mwamba wote, ili kina mama wanaochokoa kwa miguu wasikose kitoweo, na siku ya kufungua mnaiweka wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana.

Tatizo ni wezi wa usiku, najua. Basi hiyo nauli ya kontena ipelekeni kwa kamati ya wavuvi ya shehia, wanunue mafuta ya boti ya doria. Mimi nitachangia lita za kwanza.