Treni usiku, gari mchana: kutoka Nakuru hadi bonde la Nyando na korongo la Cheploch

Treni ya Kisumu hupita madaraja yake mazuri gizani. Lijue hilo kabla hujapanga lolote, kwa sababu wengi hupanda wakitarajia kulitazama bonde dirishani, na hushuka wakiwa wameona taa za stesheni tu. Ratiba niliyosafiria mimi ilikuwa hivi: inatoka Nairobi Ijumaa jioni, inapita Nakuru usiku, inaingia Kisumu Jumamosi asubuhi, na Jumapili jioni inageuza. Kipande kilichowatesa wajenzi kuliko vingine, kuanzia Mau Summit kuteremka hadi Fort Ternan, huangukia saa za usingizi.

Marekani kuna mji wa Williams, Arizona, ambapo wenye magari ya kulala huegesha karibu na stesheni na kupanda treni ya mchana hadi ukingoni mwa Grand Canyon, kilomita 103. Reli ile ilianza kubeba abiria mwaka 1901, mwaka uleule reli yetu ilipofika Kisumu. Kwetu mpango kama huo haujaandaliwa, inabidi uuunge mwenyewe. Nilivyouunga mimi ni hivi: usiku panda treni uusikie mteremko, kisha rudia bonde lilelile mchana kwa gari, uyaone madaraja kutoka chini. Baada ya hapo pandisha Timboroa na Eldoret, teremka Iten hadi korongo la Cheploch, urudi Nakuru kwa njia ya Kabarnet na Marigat. Ukiwa peke yako, tenga siku sita.

Gari ni HiAce ya dizeli. Nyuma mna kitanda cha mbao, friji ya kompresa ya lita 40, betri ya lithiamu ya 100 Ah (amp-saa), paneli ya sola ya wati 100 juu ya paa, meko ya kilo 6 na mitungi mitatu ya maji ya lita 20. Maji peke yake ni kilo 60, kwa hiyo mitungi hukaa chini, katikati ya magurudumu, na kufungwa kwa mkanda. Mtungi wa lita 20 ulio huru kwenye kona za Tambach, mteremko wa kutoka Iten, ni mzigo wa kilo 20 unaojirusha huku na huku ndani ya gari.

Hesabu ya umeme ndiyo inayoamua kama unaweza kuliacha gari na kupanda treni. Friji yangu hula wati 45 ikiwa inazunguka. Kwenye hewa ya Nakuru usiku huzunguka kama robo ya muda, yaani Wh (wati-saa: wati mara saa) 270 hivi kwa siku. Betri ikijaa ina karibu Wh 1,280. Hata gari likilala siku mbili chini ya mabati, bila jua kugusa paneli, hutumii nusu. Mwenye betri ya asidi ya ukubwa huohuo ahesabu Wh 600 tu, maana ukiikausha kupita nusu unaiua. Huyo ale nyama yake Ijumaa, azime friji na aache mlango wake wazi ili usifanye uvundo.

Gari usiliache stesheni. Tafuta nyumba ya wageni mjini yenye lango na askari wa usiku, lipia maegesho kwa M-Pesa ili malipo yabaki na kumbukumbu, piga picha ya mita ya kilomita na ya geji ya mafuta mbele ya askari, kisha funga gesi kwenye mtungi wenyewe. Kuzima kwenye jiko hakutoshi. Tiketi nunua mapema, hasa Desemba, watu wanaporudi nyumbani magharibi kwa sikukuu.

Reli kutoka Nakuru hadi Kisumu ni kilomita 217, ya upana ule wa zamani wa mita moja. Ilikaa miaka mingi bila treni ya abiria mpaka ilipokarabatiwa, na abiria wakarudi Desemba 2021. Baada ya Njoro inapanda hadi Molo na Mau Summit, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, kisha inashuka karibu mita 1,400 hadi ziwani. Baridi ya Molo huingia kila mlango wa behewa unapofunguliwa. Blanketi ibebe mkononi, usiifungie kwenye begi lililo juu.

Toka Mau Summit usilale. Mlima ule umekatwakatwa na vijito vinavyokimbilia mto Nyando, na reli haiwezi kuingia kila bonde na kutoka. Ndiyo sababu kampuni ya Marekani, American Bridge Company, iliajiriwa kusimamisha madaraja 27 ya vyuma, marefu ya miguu mingi, kabla mabehewa hayajaanza kupita kwa utulivu. Gizani utayajua kwa masikio. Treni ikiwa juu ya udongo, sauti ya magurudumu ni nzito na inarudi kutoka ukingoni. Ikikaribia daraja inapunguza mwendo, breki zinalia kidogo, halafu mngurumo unakuwa mtupu, kama mtu anayegonga pipa lisilo na maji, na mwangwi wa pembeni unakatika kabisa. Ukiweka mkono kwenye kioo unasikia mtetemo mwembamba na wa haraka. Ukiisha, sauti nzito inarudi, na daraja limepita. Nilikuwa nikihesabu hivyo. Hesabu hukosewa pale madaraja yanapofuatana, lakini ni njia nzuri kuliko zote za kuujua mteremko.

Treni ikichelewa, shukuru. Ikifuata saa yake, mapambazuko hukukuta karibu na Kisumu penyewe. Ikichelewa saa moja au mbili, unaamkia Koru au Muhoroni, na hapo ukae upande wa kulia: ukuta wa milima ya Nandi unaibuka polepole kutoka kwenye ukungu, na chini yake miwa mpaka macho yachoke, Muhoroni, Chemelil, Miwani. Kisumu stesheni iko karibu na bandari. Hapa ndipo reli ilipofikia ziwa Desemba 1901, na pakaitwa Port Florence kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandazaji wa reli. Kula ngege Dunga, lala, na asubuhi panda matatu ya Nakuru kupitia Ahero na Kericho. Kungojea treni ya Jumapili jioni si kosa, lakini itakushusha Nakuru katikati ya usiku, na mtu peke yake na begi saa hizo hana sababu ya kujitesa.

Sasa ni zamu ya gari. Kutoka Nakuru kwenda Mau Summit utapita Salgaa na Sachangwan, mteremko mrefu ambao malori yamekuwa yakipoteza breki miaka nenda miaka rudi. Wewe unapanda, wao wanashuka. Pita mchana, kaa kushoto kabisa, na usipite gari lingine kwenye kona hata kama lori lililo mbele linatambaa. Londiani kata kuelekea Kipkelion na Fort Ternan. Barabara na reli huachana na kukutana tena mara kadhaa. Egesha nje kabisa ya lami, shuka kwa miguu, na uyatazame madaraja kutoka chini: miguu ya vyuma iliyopanuka kwenye tako na kubana juu, vichaka vikipanda kandokando, mbuzi wakipita katikati. Ukiona ukubwa wa bonde moja tu utaelewa kwa nini sauti ile ya usiku ilikuwa tupu. Usipande juu ya daraja kupiga picha. Hakuna pa kujibanza treni ikitokea, na ile ya mizigo haina ratiba utakayoijua wewe.

Fort Ternan penyewe ni kituo kidogo, lakini jirani yake ndiko Louis Leakey alikopata mwanzoni mwa miaka ya 1960 mabaki ya nyani wa kale aliyepewa jina Kenyapithecus, wa miaka milioni 14 hivi. Geuza hapo, urudi Mau Summit.

Kutoka Mau Summit hadi Timboroa ni baridi na ukungu. Reli ya Malaba inapita huku kwa kimo cha mita 2,700 na zaidi. Mambo mawili huharibika usiku wa huku. La kwanza ni chakula: maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharagwe yataendelea kuwa magumu huku gesi ikiisha. Beba presha kuka au uyapike Nakuru kabla. La pili linaua. Baridi ikikaza, mtu hushawishika kuingiza jiko la makaa ndani ya gari. Usithubutu, hata likiwa limebaki makaa mekundu yasiyotoa moshi. Gesi ya sumu ya makaa haina harufu, na mtu aliyelala peke yake hana wa kumwamsha. Vaa soksi mbili, acha vidole viwili vya dirisha kila upande, na ukubali vioo kulowa kwa pumzi.

Eldoret jaza dizeli, kisha Iten, mita 2,400. Simama kwenye ukingo ulitazame bonde la Kerio kabla ya kuteremka, na hapohapo uulize habari za usalama. Kaskazini mwa bonde kumekuwa na wizi wa mifugo na mashambulizi, na Februari 2023 serikali ilipeleka jeshi kusaidia polisi katika kaunti kadhaa za huku. Barabara ya Iten–Tambach–Kabarnet ni ya lami na ina magari, lakini neno la siku hiyo wanalo madereva wa matatu. Nami nilimuuliza mmoja pale stendi. "Mpaka Kabarnet hakuna shida," alisema, "ila usitembee usiku, na usikunje kushoto kule chini kama hujui unakoenda."

Mteremko huu ndio mtihani wa gari. Unashuka zaidi ya mita elfu moja kwa kona zisizokwisha. Kanuni ya wazee wa barabara ni kwamba gia ya kupandia mlima ndiyo ya kushukia. Kwa HiAce hiyo ni ya pili, mara nyingine ya tatu. Gari likivuta mwendo, kanyaga breki kwa nguvu mpaka lipungue, kisha achia kabisa, pedi zipate hewa. Kuegemeza mguu kidogokidogo njia nzima ndiko kunakopika breki. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi. Yakishanyonya unyevu yanaweza kuchemka kwenye 140. Yakichemka hutoa mapovu, mapovu hubonyea, na pedali huenda chini bila kushika kitu. Ukisikia harufu ya kuungua, simama mahali palipo sawa, weka jiwe nyuma ya tairi na jingine mbele, ngoja nusu saa. Usimwagie maji, diski moto hupinda au kupasuka. Wala usivute hendibreki, maana dramu moto zinaweza kung'ang'ania.

Cheploch iko chini kabisa, kandokando ya lami, pale mto Kerio unapobanwa na miamba miwili mpaka unaonekana kama mtu angeweza kuruka ng'ambo. Ukuta wa mwamba umelambwa na maji mpaka ukawa na mabega na mashimo ya mviringo. Mengine bado yana kokoto ndani yake, zilezile zilizokuwa zikizungushwa na mto na kuyachimba. Fika kabla ya saa sita. Jua likiwa utosini ndipo linapogusa maji, na kwa dakika chache kahawia ya mto inageuka kama chai ya maziwa. Vijana hujirusha kutoka juu kwa malipo. Patana kabla ya kutoa simu, lipa ulichokubali, na usimwombe mtu aruke wakati maji yana povu na vijiti, kwani hiyo ni dalili kwamba mvua imenyesha huko juu hata kama kwako anga ni nyeupe. Mto una mamba. Usiogelee.

Huku joto ni jingine. Friji ilizunguka nusu ya muda, karibu Wh 540 kwa siku, huku paneli ikileta kama 400 tu, kwa sababu paneli moto hutoa kidogo kuliko iliyopoa. Usikae siku nyingi, au egesha gari kivulini na paneli ya pili uitandaze juani kwa waya mrefu.

Kupanda Kabarnet nilizima kiyoyozi na kuangalia geji ya joto kila kona. Ikipanda, washa hita, fungua madirisha, na kifuniko cha rejeta usikiguse mpaka kipoe. Kabarnet hadi Marigat ni mteremko mwingine, wa gia ileile ya pili. Asali inauzwa kando ya barabara kwa chupa. Inusie kwanza, iliyochanganywa na sukari guru hainukii maua. Mogotio unavuka ikweta, na Nakuru unaingia alasiri.

Huko fundi alibadilisha mafuta ya breki, ingawa hayakuwa yametimiza miaka miwili. Lita moja ya DOT 4 ilitosha, tukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu (ile inayosukuma mafuta ukikanyaga pedali), nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Yaliyotoka nyuma kushoto yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Mapya ni manjano mepesi, unaona kidole chako upande wa pili wa chupa.