Sato mmoja, majina matatu

Mwanza samaki huyu ni sato, na jina hilo halijatikisika. Kwenye vitabu vya sayansi hali ni nyingine. Alikuwa Tilapia nilotica, katika miaka ya 1970 akawa Sarotherodon niloticus, na kufikia 1983 akawa Oreochromis niloticus. Aliyemhamisha mara zote mbili ni mtu mmoja, Ethelwynn Trewavas, wa jumba la makumbusho ya viumbe la London. Nimewasikia watu wa mabwawa wakilalamika kwamba wataalamu wa uainishaji hubadili majina kwa kukosa kazi. Leo nataka kumtetea mama huyu, kwa sababu kilichonivuta kwake ni hilohilo la kubadili mara ya pili.

Alizaliwa Penzance mwaka 1900, akaanza kazi ya samaki akimsaidia Charles Tate Regan, mtaalamu wa samaki wa jumba hilo, na mwaka 1935 akatoa muhtasari wa siklidi (familia ya samaki ambayo sato ni mmojawapo) wa Ziwa Nyasa. Alistaafu 1961. Kitabu chake kikubwa cha jamii ya perege kilitoka 1983, akiwa na miaka 82. Kwa hiyo anayedhani taaluma hii huisha siku ya kustaafu hajaitazama vizuri.

Kazi yenyewe huanza na kuhesabu. Urefu wa samaki hupimwa kwa kalipa kutoka ncha ya mdomo wa juu hadi shina la pezi la mkia. Hapimwi hadi ncha ya mkia, maana mkia hukatika na huliwa na wenzake. Unahesabu miiba migumu ya pezi la mgongo, kisha miale laini. Mwale wa mwisho mara nyingi umepasuka hadi chini, nao huhesabiwa mmoja. Halafu unafunua kifuniko cha matamvua na kuhesabu vichujio, yaani vijino vinavyochuja chakula, vya upinde wa kwanza, sehemu ya chini tu. Hapo ndipo wengi hukosea. Vichujio vya mbele kabisa ni vidogo kama chembe za mchanga na hufunikwa na ute, na kile kilichokaa kwenye kona ya upinde mtu mmoja hukihesabu, mwingine hukiacha. Ukiamua kukihesabu au kukiacha, fanya hivyo kwa samaki wote na uandike.

Vichujio hivyo vinasema mengi. Perege anayekula majani, kama Tilapia zillii (siku hizi Coptodon), ana 8 hadi 11. Sato, anayechuja vijimea vya majini, kwa kawaida huwa na karibu 20 au zaidi. Ila idadi hufuata chakula, na samaki wasio ndugu wanaweza kufanana kwa sababu tu wanakula kitu kimoja. Trewavas alilijua hilo, akatafuta ushahidi mahali pengine: kwenye uzazi.

Wapo wanaotaga juu ya jiwe au kwenye sakafu ya ziwa na kulinda mayai hapohapo. Wapo wanaoyabeba kinywani. Mwaka 1973 aliwatoa wabebaji wote kwenye Tilapia na kuwaweka Sarotherodon. Ulikuwa mpango safi, na angeweza kuuacha hivyo. Lakini alizidi kuangalia nani hasa anabeba. Kwa Sarotherodon melanotheron wa pwani ya Afrika Magharibi, ni baba. Kwa Sarotherodon galilaeus, baba na mama. Kwa sato, kwa ngege na mbiru wa Ziwa Victoria, na kwa chambo wa Ziwa Nyasa, ni mama peke yake, na dume huchimba kiota, hurutubisha mayai, kisha humwacha jike aende zake na mayai. Hiyo si tofauti ndogo, ni namna nzima ya maisha. Akaligawa kundi alilolijenga mwenyewe.

Jina jipya hakulibuni. Sheria ya majina humtaka mtu achukue la kale zaidi linalofaa. Sarotherodon lilitolewa kwanza kwa melanotheron, kwa hiyo likabaki kwake na kwa ndugu zake. Kwa wale wanaobebwa na mama, la kale zaidi lilikuwa Oreochromis, ambalo mtaalamu wa samaki Albert Günther alilitoa 1889 kwa samaki wa Ziwa Chala, chini ya Kilimanjaro. Sehemu yake ya kwanza maana yake ni mlima. Kila sato wa bwawani, popote duniani, amebeba jina la samaki wa mlima wetu. Vinasaba vilivyosomwa baadaye vimeliunga mkono kundi hilo, na vikaingiza ndani yake hata visamaki vya maji ya magadi vya Ziwa Natron.

Chambo wa Nyasa ndio somo gumu. Spishi zake hutenganishwa zaidi kwa rangi ya dume wakati wa kuzaa, msimu na kina cha maji. Ndani ya chupa hufanana mno. Rangi hufa ndani ya saa chache, kwa hiyo iandike na uipige picha samaki angali mbichi. Kabla ya kumtia kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi samaki, kata kipande cha pezi au nyama upande wa kulia, ukiweke kwenye ethanoli ya 96%, kwa sababu formalini huharibu vinasaba. Upande wa kushoto uache mzima kwa vipimo.

Kisha changanya kipimo 1 cha formalini ya dukani na 9 vya maji, uweke boraksi kidogo, maana ikiwa chachu hula mifupa polepole. Vaa glavu, fanya kazi penye upepo. Samaki mkubwa mchome sindano ya formalini tumboni, la sivyo ataoza ndani huku nje akionekana mzuri. Mlaze amenyooka, maana akikakamaa amepinda, vipimo vyake vyote ni uongo na hakuna wa kumnyoosha tena. Baada ya wiki moja au mbili msuuze kwa maji siku mbili, umhamishie ethanoli ya 70%. Lebo iwe ndani ya chupa, kwa penseli. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka, na samaki asiye na mahali alipotoka hana faida kwa mtu yeyote.

Haya yanagusa mifuko ya watu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 huko Malacca, Malaysia ya leo, dume wa perege waliotoka Zanzibar walipandishwa kwa jike wa Oreochromis mossambicus, perege wa Msumbiji, watoto wakatoka madume watupu. Mwaka 1966 Trewavas alimpa yule wa Zanzibar jina lake, hornorum. Mzazi mmoja akiwa ameshachanganyika, majike hurudi bwawani, huzaana, na mfugaji anavuna vidagaa.

Ziwani kwetu, Victoria, sato ni mgeni wa miaka ya 1950, na ngege amebaki zaidi kwenye maziwa madogo ya kando, ambako nako huchanganyika na sato. Anayechagua wazazi kwa ajili ya kuzalisha vifaranga aanze na mkia: sato ana mistari myembamba ya wima hadi mwisho. Mistari ikikatikakatika, au pezi la mgongo likiwa na ukingo mwekundu kama wa mbiru, samaki huyo asiingie kwenye bwawa la wazazi. Mkate kipande cha pezi, mpige picha, mtie kwenye chupa yenye lebo.