Kovu la Paka Wangu
Jana usiku nilitumia programu ya akili mnemba kusafisha picha ya paka wangu, niliyoipiga kwenye mwanga hafifu kwa ISO 6400 (kiwango cha juu cha kamera kuhisi mwanga), na chengachenga zote, yaani vile vidoadoa vinavyotokea kwenye picha za mwanga hafifu, zikatoweka mara moja. Nilifurahi sana, mpaka nilipoikuza picha nikaona kwamba kovu dogo lililo juu ya pua yake, alilolipata akiwa bado mdogo, limefutwa, na sharubu mbili zimeongezwa mahali ambapo hapakuwa na kitu. Programu hizi hukisia manyoya kutokana na picha nyingi zilizofundishwa nazo, na mimi nilimtaka huyuhuyu ninayemlea. Kwa wanyamapori jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa watafiti humtambua kila chui kwa madoa yake na kila pundamilia kwa milia yake. Nimepunguza usafishaji hadi asilimia 30, na kovu limerudi.