Siku moja maishani mwangu: wiki mbili kabla wa mwaka wa tatu hawajaondoka

Saa 11 alfajiri. Nimeswali, chai ya tangawizi iko mezani, watoto bado wamelala na mi nina drafti mbili na kalamu nyekundu. Nafundisha Kiswahili chuo kikuu hapa Dar, mwaka huu nasimamia wanafunzi 11 wa mwaka wa tatu na Ijumaa ijayo ndo mwisho wa kukusanya risechi, kwa hiyo saa hizi za alfajiri ndo zangu na zao. Nazisoma zote, ukurasa kwa ukurasa. Nimeshaona drafti inarudi kwa mwanafunzi ina tiki moja juu ya kava na neno "rekebisha", arekebishe nini hajaambiwa, mtoto wa watu anazunguka nayo wiki nzima mpaka anaanza kujiona hana akili. Mtu akiandika kurasa 40 apate mtu wa kuzisoma 40, mi hapo sihami.

Drafti ya pili imenipa mawazo. Sura ya kwanza binti anaandika kama anavyoongea darasani, namsikia kabisa, af nafika sura ya pili sentensi zote zimenyooka kama zimepigwa pasi na kuna vitabu vitatu kwenye marejeleo nimevitafuta kila mahali havipo. Nikaandika pembeni "njoo tuongee" basi, maneno mengine hayafai kuandikwa kwa wino mwekundu.

Saa 12 na nusu. Mwendokasi toka Kimara, nimesimama. Meseji za grupu la risechi zimeshafika 60, "madam shikamoo naomba kuuliza margini ni ngapi", "madam hivi abstrakti iwe na maneno mangapi". Nimejibu zote kwa sauti moja ya dakika mbili maana kuandika huku umeshikilia bomba haiwezekani.

Saa 2. Mlangoni kuna foleni ya watu watano, wa kwanza ni yule binti. Nikafunga mlango nikamuuliza taratibu, hakubisha, akasema sura ya pili alimpa ChatGPT amwandikie. Kwa nini? Akaniambia Kiswahili chake ni cha Sumbawanga, alishachekwa mwaka wa kwanza kwenye prezentesheni, akaogopa wakimsikia tena kwenye maandishi. Yaani nilikuwa nimejiandaa kugomba nikajikuta nimenyamaza. Miaka mitatu tumemfundisha habari za lahaja, tumemwambia hakuna lahaja mbovu, na bado anaondoka na woga ule ule aliokuja nao, hilo ni letu sisi walimu sio lake. Tumekubaliana sura ya pili inafutwa yote, anaiandika upya kwa mkono wake na kila siku jioni ananiletea kurasa tatu.

Saa 4. Kipindi cha mwisho na darasa la mwaka wa tatu. Ukumbi umejaa hadi ngazini, hata wale ambao sijawaona tangu mwezi wa nne wamekuja. Nilimaliza mada mapema, nusu saa iliyobaki nikawasimulia walikotoka wenzao. Kwamba chuo kikuu cha kwanza nchini, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilianza Oktoba 1961, wiki chache tu kabla ya uhuru, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi hawafiki hata 15. Wakahamia Mlimani 1964, na Julai 1970 ndo kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Na Idara ya Kiswahili pale imeanzishwa mwaka huo huo 1970, maana yake kusoma Kiswahili kwa Kiswahili mpaka digrii ni jambo ambalo wazazi wa baadhi yao wamezaliwa halijakuwepo. Kuna kijana nyuma akauliza, "Sasa madam, hao 15 walikuwa wanakaa mbele au nyuma?" ukumbi ukacheka, na mi nikacheka, af kukawa kimya kidogo kile cha watu wanaojua hawatakaa tena pamoja kwenye viti vile.

Saa 6. Hapa ndo siku ilipoharibika. Mwanafunzi mmoja, kichwa kweli kweli, amekuja na simu anatetemeka. Kwenye sistimu kozi moja ya mwaka wa pili inasoma "inkomplit", mtihani wa mwisho upo ila koziweki haionekani. Kwa msiosoma vyuo vyetu, koziweki, yaani testi na semina za katikati ya muhula, ni alama 40 na UE, mtihani wa mwisho, ni 60, ukikosa upande mmoja kozi haihesabiki, na kozi isipohesabika GPA, wastani wako wa jumla, haitoki na jina haliingii kwenye listi ya kugrajueti. Tumepiga hesabu wenyewe kwenye karatasi, kila kozi pointi zake mara yuniti zake, jumla unagawa kwa yuniti zote. Hiyo kozi ikirudi na alama zake ana 3.8, na 3.8 ndo wanayoiangalia kwenye nafasi za tutorial asistenti, mwalimu msaidizi wa chuo, kazi anayoiota tangu mwaka wa kwanza.

Ofisi ya kwanza wakatwambia nendeni ya pili, ya pili wakasema mwalimu aliyefundisha ndo alete, mwalimu mwenyewe yuko masomoni nje. Nimekasirika sana, sifichi. Mtoto amefanya testi zake mbili na semina, amemaliza kazi yake, halafu anaambiwa yeye ndo akazitafute alama zake kama mtu aliyepoteza kitambulisho! Nikaomba funguo za stoo ya idara, tukatoa mafaili, vumbi hadi puani. Faili la tisa likawa nalo, shiti ya alama ya karatasi imesainiwa, jina lake mstari wa 52, koziweki 31 kati ya 40. Hakusema kitu, aliweka kidole tu kwenye lile jina akakiacha pale. Nimetoa kopi tatu, moja nimeipeleka kwa mkuu wa idara mwenyewe, mkononi, iingie kwenye kikao cha mitihani kabla matokeo hayajaenda Seneti. Bado haijaisha ila sasa iko kwenye mikono ya mtu mwenye jina.

Chakula cha mchana kilikuwa ndizi mbili.

Saa 9. Kijana wangu wa Feri amejitokeza. Huyu alipotea wiki tano, simu haipatikani, wenzake wanasema yupo yupo tu. Risechi yake ni lugha ya madalali wa mnada wa samaki pale Feri, mada niliyoipenda kuliko zote. Kumbe simu iliyokuwa na rekodi zote ilidumbukia baharini akiwa pale pale mnadani, akaona aibu kuja kuniambia, na kununua nyingine hana, bumu, hela ya mkopo wa chuo, lilikuwa limeshakwisha kwenye kodi ya geto. Akafanya nini? Akarudi Feri kila alfajiri, saa 10 za usiku, na kauntabuku.

Akaitoa kwenye mfuko wa plastiki akaiweka mezani kwangu. Kurasa zimevimba kwa maji ya chumvi, magamba mawili yamekaukia kwenye kava, na harufu ya samaki ikajaa ofisi. Ndani kapiga mistari kwa rula: saa, aina ya samaki, dalali kasema nini, mnunuzi kajibu nini. Na kwenye safu ya mnunuzi karibu kila mahali kaandika "nyusi". Nikamuuliza nyusi ndo nini, akasema, "Madam wanunuzi hawaongei, anainua nyusi tu dalali anapandisha bei, mi nisingejua kama ningekuwa na rekodi, rekodi ingenipa sauti ya dalali peke yake." Nimekaa na ile sentensi kichwani mpaka sa hivi. Nikamwambia hiyo ndo sura yako ya nne, hiyo hiyo ulivyoisema.

Saa 12 jioni tulikuwa steshonari ya nje ya geti, foleni ya wanaoprinti na kubaindi imefika barabarani, nimelipia masaa manne ya kompyuta aanze kutaipu. Nilikopesha, ameniandikia kwenye karatasi atarudisha, nimeipokea karatasi kwa heshima zote.

Saa 3 usiku. Nyumbani, ugali umeliwa, kauntabuku iko mezani maana aliniachia niipitie. Mtoto wangu wa mwisho kapita akauliza mbona kunanuka samaki na hatujapika samaki. Nipo ukurasa wa 61, mnada wa Jumanne, changu na kolekole, nyusi, nyusi, nyusi, halafu mstari mmoja kaandika "kakohoa" na kaweka alama ya kuuliza. Nimemtumia meseji: huyu wa kukohoa alinunua au alikataa? Tiki mbili, anaandika.