Kidude cha kiyoyozi kiligoma kushika waifai mpaka nilipokitoa uani

Wa kwanza niliyemweleza tatizo hilo aliniambia ninunue ruta mpya. Wa pili, huyu ni shemeji yangu, akasema kifurushi changu cha intaneti ni kidogo, nipande kile cha juu. Halafu kuna jirani ambaye hajawahi kukishika, yeye alishahukumu kwamba vitu vya aina hii havifanyi kazi Tanga, nikirudishe nilikokitoa. Ruta ni ileile, kifurushi ni kilekile, na sasa hivi naandika nikiwa kazini Pongwe naona kwenye simu kwamba chumba cha Mama kule Chumbageni kina nyuzi 26. Watu wamezidi kunipigia kuuliza nimefanyaje, basi someni hapa.

Kidude chenyewe ni cha kuongoza kiyoyozi cha ukutani. Ndani kina kipima joto na unyevu, na kinatuma amri kwa ule mwanga usioonekana, kama rimoti. Hakifungwi waya hata mmoja kwenye kiyoyozi, kinakula umeme wa chaja ya simu tu. Nilikiagiza Kariakoo kikaja na basi, na ukijumlisha nauli ya mzigo hakikufika laki.

Nilikitaka kwa ajili ya Mama. Kipindi cha kaskazi, hasa mwezi wa pili, usiku wa Tanga haupoi. Mama anawasha kiyoyozi anaweka 16, saa nane za usiku anaamka anatetemeka, anazima, baada ya muda jasho, anawasha tena 16. Uniti za LUKU mwezi haujafika kati zimekwisha.

Fundi niliyemwita alikuwa ameshajisomea kwa video za Marekani. Akapanda kwenye ngazi na bisibisi, akafungua mfuniko, anatafuta "waya wa C". Kule Marekani thermostati inabanwa ukutani, inaongoza tanuri la kupashia nyumba joto pamoja na kiyoyozi, kwa umeme mdogo wa volti 24, na huo waya wa C ndio unaoilisha muda wote ili waifai yake isizimike. Kiyoyozi cha Mama kinakula volti 230 na waya huo hakina. "Dada, bila waya wa C hii haiwezekani," ananiambia, mkono uko ndani. Nikamwambia, "Fundi, funga mfuniko, shuka." Elfu kumi yake nikampa ili niwe na amani.

Tatizo lilikuwa hili: unafungua programu kwenye simu, taa ya kidude inameta harakaharaka, unaandika paswedi, duara linazunguka mpaka mia, halafu linakwambia imeshindikana. Unarudia. Imeshindikana.

Akaja mtoto wa kaka yangu, kijana wa chuo. "Shangazi, achana na ruta, tumia hotspoti yangu." Hotspoti yenyewe ameipa jina lenye alama za moyo na vikorombwezo, kidude hakikuiona kabisa. Nikamwambia aandike herufi za kawaida. Akaandika, akaingia kwenye mipangilio akachagua mawimbi ya gigahezi 2.4, na wallahi kikashika papo hapo! Tukapiga makofi, Mama akapewa simu akabonyeza mwenyewe 25, kiyoyozi kikaitika tii, kijana akatembea kifua mbele nyumba nzima. Adhuhuri akapanda gari kwenda Muheza, simu yake mfukoni. Na hotspoti ikaenda Muheza. Kabla ya kuondoka alikuwa akikichezea, akakiacha kwenye 18, na rimoti ya zamani alikuwa ameshaihifadhi mahali anapopajua yeye. Mama akanipigia kazini.

"Mwanangu, hiki kiyoyozi kinamsubiri nani?"

"Kinamsubiri mjukuu wako arudi, Mama."

Akakata simu. Baadaye nikasikia alikwenda kulala sebuleni.

Lakini hapo ndipo nilipopata jibu, na simpi kijana sifa yoyote. Kidude ni kizima. Kinachokishinda ni masafa, yaani aina ya mawimbi ya waifai. Ruta nyingi za sasa zinarusha waifai ya aina mbili kwa jina moja: ya gigahezi 5, yenye kasi lakini kuta zinaimaliza, na ya 2.4, ya polepole kidogo lakini inapenya na kufika mbali. Vidude hivi vya nyumbani karibu vyote vinasikia 2.4 peke yake. Simu yangu ikiwa sebuleni karibu na ruta inachagua 5, kwa hiyo wakati wa kuunganisha inakiitia kidude kwenye masafa ambayo hakiyasikii, hata ukae nacho mapajani. Kifurushi cha shemeji kingesaidia nini hapo? Kidude kinatuma vijineno vya nyuzi joto, si sinema.

Njia ya vitabuni ni kuingia kwenye mipangilio ya ruta ukayatenganisha majina. Mipangilio ya ruta yangu ilifungiwa na kampuni iliyonipa, siwezi kuingia, na huduma kwa wateja wakaniambia nisubiri nitapigiwa. Sijapigiwa mpaka leo.

Nikajiuliza: kama 5 inakufa kwenye ukuta, kwa nini nisiende kusimama inakofia? Nyumba yetu ni ya zamani, kuta zake nene, na kutoka sebuleni hadi jiko la uani kuna kuta tatu. Kidude kinakula umeme wa chaja, maana yake kinakula pawabenki pia. Pawabenki nikaifunga kwenye pindo la kanga, kidude mkono wa kushoto, simu wa kulia, nikatoka. Ukigusa jina la mtandao kwenye simu ya Android inakuandikia masafa. Koridoni: 5. Mlango wa uani: 5, vijistari vimebaki viwili. Penye kamba ya nguo: bado 5, yaani simu imeng'ang'ania. Nikasogea mpaka kwenye banda la kuku, ikakatika kidogo, ikarudi: 2.4. Nikachutama palepale nisiipoteze. Jirani kwenye ukuta ananitazama mwanamke mzima naongea na kuku na simu. Bando nimelizima, maana simu ikiwa na bando inaweza kukimbilia huko katikati ya kazi. Ruhusa ya mahali nimeiwasha, bila hiyo programu haioni hata mitandao iliyopo. Kitufe cha kidude, taa ikameta, paswedi, duara… likakubali mara ya kwanza. Nilipiga kigelegele, jirani akaitikia bila kujua sababu.

Ukimaliza unarudi ndani na mambo yako. Simu itarudi kwenye 5 na haina neno, kidude kimeshajuana na ruta. Jina ni moja, paswedi ni moja.

Pa kukiweka nako kuna maneno. Lazima kikione kiyoyozi uso kwa uso, pazia likikatiza amri haifiki. Usikiweke upepo baridi unapopiga wala juu ya televisheni, kitapima uongo. Ukitaka kujua kama kweli kinarusha, kielekezee kamera ya simu, ile ya mbele, halafu bonyeza: utaona kinukta kinametameta ambacho macho hayakioni. Hii nawaonyesha wageni wote.

Ratiba sasa. Kaka yangu alijitolea kuiweka, Mama akamwambia kiwake saa nne kizime saa kumi. Akaandika 4:00 na 10:00. Kikawaka alfajiri Mama anatawadha, kikapoza chumba kitupu mpaka saa nne asubuhi. Inaandikwa 22:00 na 4:00.

Na umeme ukikatika, ruta inachukua dakika kadhaa kuamka, halafu kidude kinajirudisha chenyewe. Ila hakijui kama kiyoyozi kimewaka au kimezima, kwa sababu kinatuma tu, hakipokei jibu, kwa hiyo tuma amri upya. Mama akitumia rimoti ya zamani ni hivyohivyo, simu itaniandikia 26 wakati yeye ameshaweka 16. Usibonyeze kile kitufe cha kidude kwa muda mrefu eti unakiamsha. Kinasahau kila kitu, na hapo utarudi bandani kwa kuku.