Utando wa selulosi ulikuwa haunenepi

Wiki tatu nilivuna utando mwembamba kama ganda la kitunguu, tena matabaka matabaka. Nilikuwa nachachusha maji ya nazi kwa bakteria Komagataeibacter xylinus, wale wanaofuma selulosi (nyuzi kama zile za mimea), pamoja na sukari gramu 50 kwa lita na siki kufikisha pH (kipimo cha ukali wa asidi) 4.5. Nikalaumu mbegu ya bakteria niliyoanzia.

Kumbe mkono wangu! Kila asubuhi nafunua beseni, natikisa nione. Bakteria hawa hufuma juu, maji yanapokutana na hewa. Ukitikisa, utando unazama, wanaanza mwingine. Na mfuniko niliubana kabisa, hewa itapita wapi?

Nikafunika kitambaa, nikaliacha kabatini siku 12, nyuzi joto 29. Nilipofunua: mweupe, unene wa kidole, unateleza kama nyama ya dafu.